Ukuta Unalia, Wewe Unaupaka Wanja

Nina barua hapa imenigusa kuliko zote, maana ni kama niliiandika mwenyewe miaka kadhaa iliyopita:

"Dada, rangi ya chumbani imetoka malengelenge tena. Ni mara ya tatu tangu tuhamie. Mume wangu anasema fundi alituibia saruji. Mama mkwe anasema nyumba imeingiliwa na kitu. Mimi nimeshanunua ndoo nyingine ya lita 20, naanza kesho. Nimenunua ya maji, au ningechukua ya mafuta?"

Mdogo wangu, weka hiyo ndoo chini. Usifungue hata mfuniko. Ukuta wako unalia, na wewe unaupaka wanja. Nani aliwahi kuona wanja ukakaa kwenye jicho linalotoka machozi? Utachuruzika, utapaka tena, utachuruzika tena. Achana kwanza na rangi ya maji au ya mafuta. Uliza huo ukuta unalizwa na nini.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishaupaka. Katika nyumba yetu ya kwanza, vyumba viwili na sebule, doa lilianza upande wa kichwa cha kitanda, chini karibu na sakafu, ukubwa wa kiganja. Nikapaka. Masika yakapita, likarudi refu kama meza. Nikapaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, nikijua maji hayatapita. Kweli hayakupita. Yalikaa nyuma yake, yakaisukuma ikavimba kama chapati kikaangoni. Mara ya tatu nikatumia ujanja wa mjini: nikasukuma kabati likaziba doa, mambo yakaisha.

Kabati lilikaa pale miezi minane. Siku ya harusi ya binamu yangu nikalifungua nitoe doti ya kanga aliyonipa mama, hata haijakatwa. Kwanza ilinipokea harufu, kama ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Nikagusa ubao wa nyuma, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Ile kanga ilikuwa chini kabisa. Imeota kuvu, madoa meusi yametapakaa juu ya maandishi hata jina halisomeki. Nililia, sisemi uongo.

Fundi wa nne ndiye aliyenikomboa. Wenzake watatu waliingia chumbani moja kwa moja, wakaugonga ukuta, wakataja idadi ya mifuko ya saruji. Huyu, mzee wa makamo, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza, "Upande wa pili kuna nini?" Akazunguka nje hata chumba hajakiona.

Nje kulikuwa na fahari yangu: tuta la asumini na mawaridi, limezungushiwa mawe, limejazwa udongo mweusi hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Kila jioni nalimwagilia ndoo mbili. Mzee akachimba kidogo kwa mwiko, akanionyesha mstari mweusi ukutani, ule utando wa nailoni nzito unaolazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya tofali ili maji ya ardhini yasipande. Ulikuwepo, mzima kabisa, umefukiwa shibiri nzima chini ya udongo wangu.

"Mwanangu," akasema, "maji yamezuiwa mlangoni, wewe umeyawekea ngazi dirishani."

Kumbe kwa miaka miwili nilikuwa namwagilia ukuta.

Kabla ya brashi, shika penseli

Kifaa cha kwanza cha kutibu ukuta hakiuzwi duka la vifaa vya ujenzi. Ni penseli ya mtoto. Chora mstari kuzunguka doa lote, andika tarehe pembeni. Baada ya mvua kubwa chora tena, andika tarehe. Baada ya wiki kavu, chora tena. Doa linalotanuka kwa mvua na kusinyaa kwa jua linalishwa na mvua. Linalokua bila kujali msimu linalishwa na bomba. Lile linalokaa palepale chini mwaka mzima, likikolea tu masika, lina mkono wa ardhi. Sasa tulisome doa moja moja.

*Maji yanayopanda kutoka chini.* Tofali la saruji tunaliona gumu, lakini ndani limejaa vinyweleo. Maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwa kawaida hayazidi sana mita 1 kutoka sakafuni, na kingo ya doa hukata ukuta kama mstari wa mawimbi. Juu ya mstari huo utaona unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Maji yanapofika usoni pa ukuta hukauka, na chumvi iliyoyeyukia ndani yake hubaki, hujijenga chembe chembe ndani ya plasta, huisukuma mpaka ipukutike. Ukifagia leo, kesho unga upo. Hapo angalia nje: kuna tuta la maua kama langu? Mmesakafia uwanja kwa vitofali mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani? Barabara ya mtaa imeinuliwa na nyumba ikabaki bondeni? Au fundi aliyejenga msingi aliusahau ule utando tangu mwanzo?

*Maji ya mvua.* Haya hupenda juu na kati: kona ya dari, chini ya dirisha, kando ya ufa. Zikague hasa nyumba za siku hizi, zile za paa lililojificha nyuma ya ukuta. Ni nzuri kutazama, lakini bati lake humwaga maji kwenye mfereji uliofichwa, na majani ya mwembe yakiuziba, maji hayana njia ila kuingia ndani. Angalia pia kizingiti cha dirisha kwa nje. Kikiinamia ndani, kila mvua inakaribishwa. Nyumba isiyo na gata nayo hujipiga yenyewe: maji yanadondoka kutoka kwenye bati, yanagonga ardhi, yanaruka na matope na kulowesha sehemu ya chini ya ukuta.

Ukitaka uhakika, ngoja siku kavu, chukua mpira wa maji. Wewe nje, mtu mwingine ndani na tochi. Anza kumwagia chini, dakika 15 hadi 20 sehemu moja, ndipo upande juu kidogo. Usianzie juu, maana maji yatachuruzika ukuta mzima na hutajua yamepenya wapi.

*Maji ya bomba.* Doa liko nyuma ya bafu, jiko au choo, na halina habari na msimu. Usiku, wote wakishaoga, funga bomba zote, hakikisha tangi limejaa na halipokei maji, kisha piga picha dira ya maji, ile mita. Asubuhi kabla mtu hajanawa uso, piga picha nyingine. Namba zikisogea, kuna mtu anayekunywa usiku. Kama nyumba inalishwa na tangi la juu, weka alama ya usawa wa maji tangini, fanya vivyo hivyo. Namba zikitulia na doa bado linakua, shuku bomba la kutolea maji au mistari kati ya vigae vya bafuni. Acha kuogea bafu hilo siku nne, ogeni kwingine, mtazame penseli inasemaje.

*Jasho la chumba.* Wadogo zangu wa Njombe, Mbeya, Arusha na Limuru, hili mnalijua. Mwezi wa sita na wa saba madirisha yamefungwa, watu sita wamelala, sufuria ya maharage inachemka, nguo zimeanikwa ndani. Mvuke wote huo unaukuta ukuta wa baridi, unageuka maji. Huku Pwani analeta mambo hayo mwenye kiyoyozi anayekipoza chumba kama bucha. Alama yake ni madoa meusi ya kuvu kwenye kona, juu ya dari na nyuma ya kabati, bila ule unga mweupe.

Kutofautisha jasho na maji ya ndani ya ukuta, chukua kipande cha nailoni angavu, kama sentimita 40 kwa 40, kibandike kwa utepe wa gundi kingo zote nne, kikae siku mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wako, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta.

Kuna na mgeni mmoja mnafiki: mchanga wa baharini. Mtu alijenga karibu na ufuko, akaona mchanga wa bure, akapigia plasta. Chumvi hufyonza unyevu hewani. Ukuta wa namna hiyo unaweza kulowa siku yenye mvuke mwingi hata kama hakuna bomba lililopasuka wala tone la mvua lililoanguka. Huo hauna dawa ya kupaka. Plasta hiyo itang'olewa.

Methali imesema kweli, ila msiisome nusu

Najua mtaniandikia: Dada, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, na wahenga hawakukosea. Tatizo ni sisi tunaokimbilia kuziba. Ukiziba ufa huku maji yamo ndani, umeyafungia. Yatatafuta njia nyingine, yatatokea chumba cha pili, na utaanza kumlaumu fundi wa chumba cha pili. Kwa ufa wa maji, kwanza maji yatoke na njia yao ikatwe, ndipo uzibe.

Mbao na bisibisi

Unyevu ukikaa sana hauishii kwenye plasta. Unatafuta mbao: fremu ya mlango chini pale inapogusa sakafu, ubao wa dirisha, kenchi iliyolala juu ya ukuta uliolowa. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji, na mbao ikikaa chini ya unyevu wa 20% hawawezi kuendelea na kazi. Ndiyo maana kubadilisha fremu iliyooza bila kukausha ukuta ni kuwapelekea kuvu chakula kipya. Mchwa nao hawako mbali, wanapenda mbao laini yenye unyevu.

Jinsi ya kujua: chukua bisibisi bapa, idunge mbao polepole, hasa karibu na sakafu na ukuta. Mbao nzima inakataa. Mbao mbovu inaikubali bisibisi kama siagi, au unaibandua inatoka vipande vya mraba kama mkaa. Rangi ya juu isikudanganye. Mbao huweza kuwa imeoza ndani na uso wake bado unang'aa. Ukikuta pameoza, kata hadi uingie kwenye mbao nzima na kuvuka kidogo, paka dawa ya mbao, na kipande kipya kisikae moja kwa moja juu ya zege lenye unyevu.

Kwa wenye nyumba za mawe

Hapa nageukia ndugu zangu wa Mji Mkongwe Unguja, wa Lamu na wa Mji wa Kale Mombasa. Nyumba zenu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za juu zimelala kwenye boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo umejengwa upumue. Maji yanaingia kidogo, yanatoka kidogo, chokaa inaruhusu.

Sasa anakuja fundi wa leo na mfuko wa saruji. Anakwangua chokaa, anapiga plasta ngumu ya saruji, anapaka rangi inayong'aa. Ukuta unapendeza miezi sita. Ndani, maji yaliyokuwa yakitoka usoni yamefungiwa. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kupumulia, na kule juu yanakutana na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani. Boriti huanza kuoza hapo hapo usipopaona, huku katikati ya chumba ni nzima na unaiangalia kila siku ukiwa umelala chali.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya mawe, kazi ni mbili. Gonga boriti kwa nyundo ndogo kutoka katikati kuelekea ukutani, sikiliza. Mlio mkavu ukigeuka mzito na wa uwazi, tia bisibisi. Na plasta irudi kuwa ya chokaa, kipimo 1 cha chokaa iliyolowekwa ikaiva kwa vipimo 3 vya mchanga safi, ipigwe kwa tabaka nyembamba, ifunikwe magunia ya maji isikauke haraka, na juu yake ipakwe chokaa, si rangi ya mafuta. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo usibomoe kitu kabla hujaongea na mamlaka ya uhifadhi. Wana mafundi wanaoijua chokaa.

Na msiseme nawatisha. Beit el-Ajaib, lile jumba la Forodhani, Unguja, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Kila nikipita pale nakumbuka kuwa ukuta mnene si ukuta salama.

Tiba, hatua kwa hatua

Sasa umeshamjua mhalifu. Tiba ina mpangilio, na kila anayeuruka anarudi dukani.

Kwanza, kata njia ya maji. Kwa ardhi: shusha udongo wa nje uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ardhi iinamie mbali na nyumba, weka mtaro au kibaraza chembamba cha zege. Kwa mvua: safisha mifereji, weka gata, kizingiti kiinamie nje, ziba nyufa za nje. Kwa bomba: fundi bomba kabla ya fundi rangi. Kwa jasho: fungua madirisha ya pande mbili asubuhi, funika sufuria, vuta makabati shibiri moja kutoka ukutani. Utando wa msingi ukikosekana kabisa, kuna dawa zinazodungwa kwenye matundu yanayotobolewa kwa mstari chini ya ukuta, na kuna njia ya kukata ukuta vipande vipande na kupitisha utando mpya. Zote ni kazi za mtu aliyewahi kuzifanya, na zina gharama, kwa hiyo mambo ya nje yafanywe kwanza. Mara nyingi yanatosha.

Pili, ng'oa. Plasta iliyolowa chumvi haiponi. Ing'oe hadi tofali lionekane, ukipita sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa juu kabisa wa doa. Kama kuna soketi au swichi hapo, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme. Ukuta uliolowa na umeme havichezewi.

Tatu, safisha chumvi kwa brashi kavu. Usiisugue kwa maji! Maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue kavu, izoe, itupe mbali.

Nne, subiri. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mafundi wa zamani hukadiria mwezi 1 kwa kila inchi 1 ya unene wa ukuta. Ukuta wa tofali la inchi 6 unaweza kudai nusu mwaka, ingawa jua na upepo mzuri husaidia. Najua, wageni watauona ukuta uchi. Waache wauone. Ukiufunika kabla haujakauka, umefunga kidonda chenye usaha.

Tano, piga plasta mpya kwa mchanga wa mto uliooshwa, usiohusiana na bahari. Chukua mchanga kidogo, utie kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope likijikusanya juu kama uji, mchanga huo mchafu. Plasta ikae siku 28 kabla ya rangi, na rangi iwe ya maji, isiyoziba. Ndiyo, mdogo wangu wa ndoo ya lita 20, hili ndilo jibu la swali lako, na nimelifikia hatua ya tano.

Kuhusu kuvu: vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, lowesha kwanza kwa maji ya sabuni ndipo ufute, usikwangue kikavu, maana vumbi lake hupanda kifuani. Ukitumia dawa yenye klorini, usiichanganye kamwe na ile ya kusafishia choo. Zikikutana hutoa gesi yenye sumu. Mtoto mwenye pumu asilale chumba hicho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likihusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu na maradhi mengine ya kupumua, kwa hiyo kikohozi cha mtoto kisichoisha kinaweza kuwa kimelala naye chumba kimoja.

Fundi na wewe

Fundi akija, mpe maji ya kunywa, kisha msikilize anaanzia wapi. Akitaja bei kabla ya kuuliza maswali, mshukuru na nauli. Unataka anayeuliza: lilianza lini? Linakua msimu gani? Bomba linapita wapi? Nje kuna nini? Mwonyeshe mistari yako ya penseli uone anavyoitazama. Lipa kwa hatua, na fungu la mwisho libaki hadi mvua moja kubwa ipite juu ya kazi yake. Ugunduzi ufanyike masika, maana mvua haijui kuficha. Ukarabati ufanyike kiangazi.

Kwa mpangaji: piga picha zenye tarehe, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi wenye adabu, "Shikamoo baba, ukuta wa chumbani umelowa tangu tarehe fulani, naomba tuukague pamoja." Usipake rangi kwa pesa yako kuficha, siku ya kuhama utaambiwa ni wewe uliyeharibu.

Na kuna mahali pa kuacha penseli na kumwita mhandisi siku hiyo hiyo. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye tofali na kuendelea kupanuka. Ukuta uliovimba au kuinama. Sakafu ya juu inayobonyea. Zege la nguzo au boriti lililopasuka kufuata nondo, lenye madoa ya kutu: kutu hutanuka kuliko chuma chenyewe na kulipasua zege kutoka ndani. Hapo plasta ni kitambaa juu ya mfupa uliovunjika.

Majibu ya haraka

*"Dada, nimeshauriwa nibandike vigae ukuta mzima, doa lisionekane."* Kabati langu nalo lilifanya kazi hiyo hiyo. Maji yatapanda nyuma ya vigae, yatatokea juu yake, na vigae vitaanza kudondoka kimoja kimoja usiku mkilala.

*"Dada, nikitia dawa ya kuzuia maji kwenye plasta ya ndani, si imetosha?"* Itazuia maji kuonekana kwa muda, haitayazuia kuja. Dawa hizo zina kazi nzuri upande yanakotokea maji: nje, juu ya paa la zege, chini ya vigae vya bafu kabla havijabandikwa.

*"Dada, nyumba bado iko kwenye msingi, nifanye nini mapema?"* Wewe nakuonea wivu. Simama pale mwenyewe siku utando unapolazwa juu ya msingi. Uone kwa macho yako unafunika upana wote, vipande vinapandana, haujatoboka. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kila kitu nilichoandika leo.

Basi, mdogo wangu wa ndoo, nenda chumbani sasa hivi na penseli. Chora, andika tarehe, kisha toka nje uone upande wa pili kuna nini. Mimi asumini yangu ipo bado, nimeihamishia kwenye vyungu, mita mbili kutoka ukutani, na inanukia vilevile. Ile kanga nimeifua mara nyingi, kuvu wametoka, jina halikurudi. Nikimuuliza mama iliandikwaje, anasema naye kasahau.